Pale Chura Hayupo

Silanga, Jumapili asubuhi

Wekesa, rafiki yangu,

Nilifungua shajara niandike mambo ya wiki kama kawaida, nikaona afadhali nikuandikie wewe.

Shamba la sukumawiki kando ya bwawa bado lipo. Ule mtaro tuliokuwa tukiuruka umefukiwa, na juu yake pana kibanda cha makaa. Mvua ikinyesha husikii sauti ya chura pale. Nimeliandika hilo, kwa sababu ulinizoesha. Siku ya kwanza tulipokosa chura hata mmoja nilifunga daftari, ukanicheka: "Buda, kukosa pia ni data. Andika hayupo." Mimi fundi wa kuchomelea madirisha, niliyeishia kidato cha nne, ndipo nikaelewa kwamba huwezi kuchora ramani ya mahali kiumbe anapoishi bila kujua pia mahali asipoishi.

Kilichonifanya nikuandikie ni Nekesa. Dada yako amemaliza digrii, na mwalimu wako wa chuo kikuu amempa nafasi ya utafiti wa uzamili, ule ule uliokuwa uuanze: vyura wa kutoka Silanga hadi Kawangware, na jinsi mashamba, mitaro na nyumba zinavyowaachia njia au kuwafungia. Jibu linatakiwa kesho. Mama yako alikataa kabisa. Alisema baridi ya bwawa ndiyo iliyokuua, na hatatoa mtoto wa pili.

Jumatano aliniita. Akanipa chai, akasubiri niimalize. "Wewe ndiye ulikuwa unatembea na yeye. Niambie ukweli. Ni hiyo kazi?"

Nilimwambia ni moyo, vile daktari alivyotueleza sote tukiwa tumesimama pale wodini. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi. Basi nikamsimulia yule guka, mzee wa Kawangware aliyetukuta tumeinama kwenye ploti yake, akadhani tumetumwa kupima nyumba zake zibomolewe. Ulipomwambia tunatafuta vyura alisema, "Vyura? Hao hata kodi hawalipi." Ulicheka hadi ukakaa kwenye matope.

Mama hakuwahi kuisikia hiyo. Alitaka nirudie ile sehemu ya matope. Nikairudia. Kisha akaondoa vikombe, nami sikumsukuma.

Jana jioni Nekesa alipita kwenye kibanda changu cha kazi akiwa amevaa gambuti zako. Zinampwaya, amejaza soksi ndani. Mama ndiye aliyezitoa chini ya kitanda, akaziosha, akaziweka mlangoni. Alimwambia neno moja tu: "Usiende peke yako."

Kwa hiyo kesho anajibu kwamba amekubali.

Na hatakwenda peke yake, Wekesa. Hilo nakuahidi. Nitatembea naye asubuhi zote kama nilivyotembea nawe, na wenye ploti nitawaeleza mimi kabla hawajauliza. Tutaanzia hapa hapa Silanga. Nitasimama pale ulipozoea kusimama, nisikilize kidogo. Nitaandika tarehe, niandike mahali, niandike hayupo. Kisha nitamfuata Nekesa, tuendelee kupanda kuelekea Kawangware, tutafute waliopo.

Lala salama, buda.

Shikuku