Neno "bure" nililomtupia mke wa mwanangu

Jumanne, Kasulu. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi.

Nyamaza wewe bibi! Ungenyamaza juzi, leo usingejificha jikoni kama mwizi wa kuku. Umri wote huo, na mdomo bado hauna breki.

Ndiyo, najisema mwenyewe. Humu ndani nani mwingine atanisema? Wote wananiogopa.

Chanzo ni hii kompyuta ninayoandikia. Mwanangu Bahati aliiokota ofisini kwao walipokuwa wanatupa vitu vya zamani. Ukiiwasha, unabandika maharage, yanaiva, yenyewe bado inazungusha kiduara. Tena yote Kiingereza. Nikaipandisha juu ya kabati, nikaifunika kitambaa, basi.

Aliyeishusha ni Esperansi, mke wa Bahati. Kompyuta alijifunzia Mtendeli, kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ndugu zake hawajarudi Burundi na yeye akabaki kwetu. Jumapili, baada ya ibada, nimekaa na akina mama tunachambua maharage, akaja nayo anacheka.

"Mama, imefufuka! Nimeondoa mfumo wa zamani, nimeweka mwingine. Wa bure."

"Bure? Umeiba wapi?"

"Sijaiba, mama. Waliotengeneza wameuacha wazi, kila mtu achukue, anayeweza aurekebishe."

Mimi bure naijua moja tu. Mtu bure, kazi bure, maneno bure. Akina mama wakacheka, nami nikanogewa.

"Vya bure vinajuana," nikasema. "Wewe mwenyewe si tulikuchukua bure?"

Akina mama wakainamia maharage yao.

Kila mtu pale alielewa. Bahati hakutoa mahari, maana ndugu zake walishavuka mpaka na hapakuwa na mkono wa kuipokea. Sisi ndio hatukuipeleka. Yeye ana kosa gani?

Jana asubuhi alinisalimia kwa kupiga makofi, desturi yetu huku, kama siku zote, viganja taratibu, magoti yamekunjwa. Akaniwekea chai. Akaenda shamba.

Afadhali angenitukana.

Nikabaki na kompyuta. Nikaiwasha ili nione ubaya wake. Ikawaka kabla sijakaza miwani. Halafu ikaandika, "Karibu." Faili. Hariri. Hifadhi. Nikasoma neno kwa neno, kidole juu ya kioo, mimi niliyeishia darasa la tatu. Ukurasa huu alishanifungulia, na juu kabisa ameandika jina langu.

Kumbe alikuwa anatafuta mfumo unaosema lugha ninayoisoma mimi. Wapo watu waliokaa wakaufasiri kwa Kiswahili, hata hawanijui. Naye anayenijua, anayenichotea maji, nikamwita bure mbele ya watu.

Masikio yananiwaka. Mimi niliwahi kumfokea mwenyekiti wa kijiji akaomba radhi, leo nikisikia jembe la Esperansi linawekwa mlangoni nakimbilia jikoni.

Bahati, najua utasoma hapa. Usije na maneno ya kunibembeleza. Jumapili nitasimama mbele ya wanawake wale wale nilambe matapishi yangu, hilo ni langu. Lako ni hili: mtafute kaka yake Esperansi kule Burundi, muulize lini watatupokea. Ng'ombe wa mahari nimeshamtenga, usithubutu kumgusa. Piga simu leo hii, kabla sijapata akili ya kujitetea.