Wewe C, Mimi A

Mama Kevo mpendwa,

Najua huko Dundori, kwa huyo bwana wako mkulima wa waru, hivyo viazi vyake, barua za waume wa zamani hazina nafasi. Hii soma. Mtu kama mimi, aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi na kuagiza chai kwa lugha nne, hawezi kushindwa kuandika ukurasa mmoja.

Unakumbuka siku tulipimwa Ukimwi pamoja, ukiwa na mimba ya mtoto wetu Shiko? Tulipopatikana nao wote wawili, nilikuwa tayari natunga uongo. Ukanishika mkono. "Hii ni yetu, Baba Kevo. Tutameza pamoja."

Hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Dereva wa lori, analala Mai Mahiu kwenye baa za madereva, nani angeuliza? Mtaa wetu wote wa Rhonda ulijua ni mimi, hata mama yako. Nikabeba lawama. Na nikuambie ukweli, nilijivunia kidogo: hicho kitu kilikuwa chetu wawili, mwanaume mwingine hayumo.

Halafu juzi, pale kliniki tunapochukulia dawa sote wawili hata baada ya kuachana, wale waliotutoa damu wajue virusi vya wagonjwa ni vya aina gani wakaleta majibu. Nikatoka nikitangazia benchi nzima, "Shuleni sikuwahi kupata A, leo nimepata!"

"Wacha kujigamba, mzee," nesi akasema. "Wengi hapa wako A. Dawa ni ile ile."

Ukatoka wewe. Nikakuuliza. Ukaangalia viatu, ukasema, "C."

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Nikamuuliza kama A ikiingia kwa mwanamke inaweza kugeuka C. Akasema haigeuki, na kwamba aina ya virusi haikuambii nani alikuambukiza wala mwaka gani.

Huyo wa waru simuonei wivu sana, alikuja nikiwa nimeshaachwa. Ni huyu wa C. Alikuwa mrefu? Alikuchekesha kunishinda? Nimewapima kwa macho wanaume wote wa Rhonda, hata pasta. Kumbe hata ugonjwa, Mama Kevo, kila mtu alikuwa na wake.

Nilitaka kukuomba jina lake. Usinipe, kwa sababu mimi nikitafuta mtu huwa nampata.

Lakini bwana wako siku moja atakuuliza ulitoa wapi huu ugonjwa. Mwambie ni kwangu. Kama kuna jina la mwanaume litatajwa humo nyumbani mwenu na kuchukiwa, afadhali liwe langu.

Mimi, baba wa watoto wako.