Chupa ya Maji ya Kijito

Iowa, Novemba

Mdogo wangu Merle, huko kwenye joto la Arizona,

Mabata bukini wameshapita, na mahindi yangu yako ghalani. Kiti cha bodi ya kuhifadhi udongo na maji nilichogombea kimechukuliwa na Harlan, aliyekodi shamba lako ulilorithi kwa baba. Kwenye chakula cha kanisani alinicheka: "Pole, mwalimu! Hata mdogo wako kaniunga mkono gazetini!" Nilidhani utani, hadi nilipoisoma barua yako humo gazetini.

Juzi Harlan alilima ukanda wa nyasi alioupanda baba shambani humo kando ya kijito ili udongo usichukuliwe na maji, kisha mvua ikanyesha. Nakutumia chupa ya maji ya kijito hicho. Usiitikise, iache itulie siku nzima. Mchanga hutangulia kushuka, halafu tope laini. Utakachokiona chini ni shamba la baba.

Kaka yako,
Verlyn