Tundu la Kobe Chumbani Kwako

Mama mukwe,

Nakusalimu nikiwa nimegeuza uso pembeni, kama ilivyokuwa desturi yetu, ingawa hii ni barua na wewe uko kaburini. Mwili umeshazoea. Hata jina lako sijaliandika juu ya karatasi. Mkono ulikataa.

Kobe wako wazima, wote wawili. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na watu ungesema, "Mukwe, hao wana midomo, watajisemea. Kobe je?" Prefe bado anatembea kama mkuu wa nidhamu wa shule, akikagua mboga za lengalenga ambazo hakuzipanda yeye. Biharusi bado anaficha uso akiona mgeni. Wanakula, wananenepa, hawajui kwamba umekufa. Au wanajua na hawasemi.

Lakini mimi nimeogopa, Mama. Naogopa hata sasa, na nimekaa uani mchana, jua kali, watu wanapita.

Tangu tukuzike, ziwa halijarudi nyuma. Limekula bustani ya chini. Migomba yako imesimama ndani ya maji kama watu waliokwenda kuoga wakasahau walikoacha nguo. Choo cha Mama Kasimu, jirani yetu muuza samaki wa ndagala, kimekwenda chote. Anasema sasa yeye ndiye mwenye choo kikubwa kuliko wote Rumonge. Tunacheka, halafu kila mmoja anageuka kuangalia maji yamefika wapi. Na maji yakipanda, vyote vilivyokuwa vinaishi kwenye matete vinapanda navyo. Kenge tumemkuta njiani. Swila, yule nyoka mweusi anayetema mate machoni, tulikuwa tunamsikia tu kwa watu wa chini. Wanahama kama sisi, ila wao hawaulizi kiwanja ni cha nani.

Basi asubuhi moja Mama Kasimu akaniita kutoka kwenye wavu wake wa kuanikia.

"Baba Neema! Nyoka iko imeingia kwa marehemu. Nyeusi. Imepita kwa mulango ya kobe kama iko na ufunguo."

Nilichukua tofali, nikakimbia, nikaziba tundu lao la ukutani kwako. Nikajisikia mwanaume kwa muda wa pumzi moja. Mama Kasimu aliniangalia vile anavyoangalia ndagala zilizonyeshewa.

"Sasa umemufungia na watoto wa marehemu," akasema.

Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mawingu, kobe walikuwa hawajatoka. Nikatoa tofali kwa ncha ya jembe, nikaenda kukaa mbali, nikangoja. Mawingu yakaondoka. Jua likafika ukutani, likafika kwenye kizingiti, na Prefe hakutoka. Unamjua Prefe na jua. Nilijiambia gamba ni gamba, nyoka atafanya nini. Halafu nikakumbuka kwamba kichwa hakina gamba.

Nikampigia Asha. Mwanao yuko Bujumbura kwa Neema wetu, ambaye amejifungua salama, mtoto wa kike. Wamempa jina lako. Kwa hiyo nina mjukuu ambaye siwezi kumwita kwa jina. Kwenye simu nasema "yule mdogo", wananicheka.

"Ingia ukaangalie," Asha akasema.

"Ni chumbani kwa mama yako."

"Mama hayupo."

"Ndicho hicho nasema."

Kisha akatoa hukumu: kama siingii, nizibe tundu kwa saruji, na kobe, wakipatikana wazima, wapelekwe Kigwena waachwe msituni. Hataki kumleta mtoto mchanga kwenye nyumba yenye tundu ukutani wakati ziwa linasukuma nyoka.

Hakuwa na kosa. Lakini kobe hao hawajawahi kulala nje hata siku moja. Mchana bustanini, usiku ndani pakavu, ndiyo sheria uliyowawekea. Msituni wangetafuta mlango mpaka wafe.

Unakumbuka siku tuliyotoboa ule ukuta? Mimi nje na nyundo na tindo, wewe ndani unapokea vipande vya tofali, kwa sababu mukwe haingii chumbani kwa mama mukwe, hata kama ndiye mwashi. Nilipofikisha upana wa kobe nikasema basi. Ukasema, "Ongeza." Nikaongeza. "Ongeza tena, mukwe, atakua." Prefe alikuwa mzee wakati huo, mzee kuliko mimi. Nikasema moyoni kwamba huyu mama vipimo hajui. Upande wa ndani ulipiga lipu mwenyewe, na kwa miaka yote nililala nikiwaza lipu hiyo imekaaje.

Na baada ya hapo ndipo tulipoanza kuongea. Uso kwa uso tulikuwa na salamu na hali ya mvua, basi. Lakini nikikaa kwenye kigoda changu nakata lengalenga, sauti yako ilitoka chini ya ukuta, pale kwenye tundu. "Mukwe, umekonda. Nani anakusumbua?" Nikajibu nikiangalia kobe. Mambo ambayo sijamwambia Asha, niliyasema pale. Na yako uliyoniambia bado ninayo, sijayatoa.

Niliingia alasiri, Mama. Nilijua jua likizama sitaingia tena. Nilivaa buti za mpira, na kichwani nikavaa kaske ya pikipiki na kioo chake nimekishusha, kwa sababu ya yale mate. Nisamehe kwa mavazi. Mara ya kwanza kufika kwako nilitaka nije na kanzu.

Nilipiga hodi. Nikangoja. Nikapiga tena. Mama Kasimu alikuwa nje, dirishani.

"Unangoja nani akukaribishe?"

Hicho ndicho nilichokuwa naogopa. Kwamba utanikaribisha.

Nilikuwa na hofu mbili, swila na wewe, na ipi ilikuwa mbele sijui. Nilisukuma mlango. Harufu yako ilikuwapo, karafuu na sabuni ya mawese. Kitanda kimetandikwa. Na pale ukutani, jicho la mwashi likaenda kwenye lipu. Ni nzuri. Umeweka kizingiti ili maji ya mvua yasiingie, na kimteremko cha udongo ili wasijigonge tumbo, na mchanga mkavu, na majani ya mgomba, na sanduku la mbao lenye upande mmoja wazi chini ya kitanda. Hakuna aliyekufundisha.

Kisha nikasikia *sss*.

Kobe anapovuta kichwa ndani hutoa sauti hiyo. Nyoka naye hutoa sauti hiyo. Niliwahi kujidai mbele yako kwamba najua tofauti. Siijui.

Nilipanda kitandani kwako. Na buti. Sina la kusema zaidi juu ya hilo. Nilikusanya miguu kifuani kama mtoto na nikabaki hapo. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha kutoka nyuma ya sanduku ukatokea mstari mweusi, polepole, ukifuata ukuta, na ulipofika usawa wangu ulisimamisha kichwa. Shingo yake ilitanuka. Nikaacha kupumua, lakini nilikuwa nimechelewa, pumzi iliyotangulia ilikuwa imeshafunika kioo. Ikawa ukungu mtupu. Mama, nilijua yuko mbele yangu na simwoni, na mkono wangu haukukubali kuinuka kukipangusa. Nilianza shahada, nikasahau katikati.

Kioo kilipokauka niliona mkia unavuka kizingiti cha tundu. Nje Mama Kasimu alipiga kelele, akataja mama yake na Mungu wake, na ndagala zikamwagika. Nyoka alikwenda kwenye maji, ndivyo anavyosema. Kama alikuwa mmoja tu, hakuna anayejua.

Biharusi alikuwa ndani ya gamba lake, amejifungia. Prefe alikuwa kwenye kona, uso ukutani, kama mtu aliyekataa kesi. Hawakuwa na hata mkwaruzo.

Miguu yangu ilikataa kushuka, kwa hiyo nilibaki pale kitandani, upande wa tundu, ambako bila shaka ulikuwa unakaa wewe. Nikainama kidogo. Nikaangalia nje kupitia tundu.

Lengalenga hazionekani. Beseni lao la maji halionekani, wala ziwa. Kinachoonekana ni kigoda changu tu, na mahali ambapo uso wangu huwa, nikikaa. Kama tundu lingekuwa dogo kwa kiganja kimoja ungeona miguu peke yake.

"Ongeza tena, mukwe."

Nimelia na kaske kichwani. Ukungu ukarudi.

Asha nimemwambia tundu halizibwi. Nimetengeneza kilango cha mbao chenye bawaba. Kobe wakishaingia, kinafungwa na komeo. Komeo nimeliweka ndani, maana la nje kila mpita njia angelifungua. Asha amesema tutaona. Kwake hiyo ni ndiyo. Maji nayo, kama yatafika ukutani, kobe watabebwa kwenye karai kabla ya godoro langu, hilo nakuahidi. Tutawatafutia ukuta mwingine, juu zaidi, na nitautoboa kwa upana uleule.

Mungu akulaze pakavu, Mama.

Sasa komeo liko ndani, na mwenye kulifunga ni mimi. Kila jioni nitakuja mlangoni kwako, nitapiga hodi kama mtu mwenye adabu, nitaingia, nitainama. Nitakuja hata nikiogopa, na nitaogopa. Nakuomba jambo moja tu.

Usiitike.

Mukwe wako.