Amri Ambayo Haikuondolewa

Toongabbie, Sydney
Septemba 2021

Mpendwa dada yangu Anésie,

Pokea salamu zangu na za mama watoto. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimeanza huko Uvira? Sisi tunapumua, na siku hizi huku hiyo yatosha kuitwa uzima.

Tumefungiwa ndani tena tangu Juni. Polisi na wanajeshi hugonga milango ya mitaa yetu ya magharibi kuhakikisha watu wapo majumbani.

Mwezi jana nilipeleka sufuria ya mboga ya sombe kwenye nyumba moja ya watu wetu. Msichana anayewalelea watoto aliniuliza kwa sauti ya chini: baba, hii corona itaisha lini, mbona tangu mwaka jana haturuhusiwi kutoka hata mara moja? Nikamweleza kwamba mwaka jana tulifunguliwa, watu wakasali, wakaoa, wakaenda baharini. Akanitazama kama mtu anayetaniwa. Mwenye nyumba alimwambia amri haijaondolewa. Na pasipoti ya msichana anayo bwana huyo, eti isipotee.

Nikaenda polisi. Kijana wa zamu alinisikiliza kwa adabu. Alisema sheria ya usafirishaji wa watu ni kali sana, lakini kesi zake ni za polisi wa serikali kuu. Wao wa mtaa wangepita tu kumjulia hali. Wakapita. Aliyetafsiri ni mwenye nyumba. Msichana, akidhani wamefuata habari za corona, aliapa kwamba hajawahi kuvuka geti. Yule polisi akaniambia kwa simu, laiti mtaa mzima ungekuwa mtiifu hivyo.

Nilipomng'ang'ania alijibu kwamba ameshapeleka taarifa juu, na sasa haruhusiwi kuligusa jambo hilo, asije akaharibu ushahidi. Wa juu walinipigia wiki kadhaa baadaye, wakitaka maneno ya msichana mwenyewe. Alikuwa ameshahamishwa, sijui wapi.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Nyumba ile ni ya Fidèle, mwanao. Msichana ni Nahimana, uliyemchukua wewe mikononi mwa mama yake. Na aliyemshtaki Fidèle ni mimi, mjomba wake. Hapokei tena simu zangu. Amewaambia watu wa kanisa kwamba mzee amechanganyikiwa.

Sheria yenyewe nimeisoma yote. Imeandikwa vizuri, ila sikuona ndani yake mtu wa kuja kugonga mlango leo.

Simu yako bado anaipokea. Mpigie. Usimuulize lolote juu yangu. Mwambie ampe Nahimana simu, umsikie sauti. Akikataa, nenda kwa mama yake Nahimana kabla mama huyo hajaja kwako. Utakalomwambia, mimi silijui.

Wasalimie wote nyumbani, hata watakaozikataa salamu zangu.

Kaka yako,
Masumbuko