Mwenza wa Mlimani

Jumapili, 12 Januari 2025

Jana asubuhi, kwenye maegesho ya chini ya mlima, nimempoteza mwenza wangu. Hajafa. Amehamia kwa Signe.

Miaka tisa tumepanda pamoja, mimi na shemeji Kuzma, mume wa dada yangu Nastya. Mmoja anapanda mteremko, mwingine anasimama pembeni anamtazama, ili theluji ikiporomoka awepo mtu anayejua pa kuchimba. Huyo ndiye mwenza. Asiye naye hapandi. Signe, kiongozi wetu, kwa hilo hana mchezo.

Na kosa langu? Nimeuza sledi. Lile dude la injini, lenye ski mbili za kutelezea mbele na mkanda mpana wa kulisukuma chini, kilo mia mbili na ishirini. Nimechukua pikipiki, nikang'oa magurudumu, nikafunga ski moja mbele na mkanda mwembamba nyuma. Kilo mia na arobaini. Nimeifunga mwenyewe, kwenye karakana yangu, ambayo nayo sikurithi kwa mtu.

"Shemeji, hicho kibaiskeli," Kuzma akasema mbele ya watu. "Kinaacha mfereji, sisi wa nyuma tunatumbukia. Na siku nikikwama utanivuta na nini, kwa meno?"

Watu wakacheka. Signe akasema haya, Kuzma aende na yeye. Mimi nikawa wa tatu, nyuma kabisa, kama mzigo.

Jumatano, 15 Januari

Kazi imeisha mapema. Nimeenda kwenye uwanda wenye vilima vidogo, karibu na barabara, nikafanya hesabu bila hasira.

Sledi yake ina nguvu za farasi mia na sitini na tano, yangu sitini. Kwenye mteremko mrefu ulio wazi ananiacha, sibishi. Na nikisimama nazama. Unashusha mguu, ardhi haipo — unalala ubavu na pikipiki yako kama mlevi na rafiki yake.

Lakini kukata mteremko kwa ubavu! Kwenye sledi unaning'inia upande mmoja, mgongo unalia, na bado inataka kuteremka. Hii unaiinamisha tu. Unatazama unakotaka kwenda, nayo imeshafika. Nimeimba ndani ya helmeti, wimbo wa kanisani wa bibi yangu, na sauti sina.

Jumamosi, 18 Januari

Theluji mpya, laini kama unga, hadi mapajani. Lazima niandike yote.

Tumefika penye msitu. Sledi huwa zinazunguka kwa njia ya wakata magogo. Signe akasema nikiona panapitika nipite katikati, ila taratibu, tusikiane redioni. Nikaingia. Miti inakuja, unainama kulia, unainama kushoto, theluji inamwagika mabegani. Sijui lini nimefurahi hivyo.

Mara nikasikia injini nyuma yangu. Kisha kishindo. Kisha kimya.

Kuzma. Miaka tisa msituni mimi ndiye ninayetangulia, yeye anafuata alama yangu. Kaniacha mbele ya watu, lakini alipoona alama yangu inaingia kwenye miti, mikono yake ikageuza usukani bila kumuuliza. Ski zake zinataka nafasi ya zaidi ya mita moja. Mimi nilipita penye nusu ya hapo. Nikamkuta kabanwa barabara, kakaa kwenye kiti chake kama abiria.

"Umekwama, shemeji?"

"Nimepumzika."

"Katikati ya misonobari miwili?"

"Kuna kivuli."

"Nani kakuambia upite hapa?"

Akaangalia theluji. "Si alama yako hiyo ndiyo imenileta."

Nikatoa koleo. Signe akarudi na sledi yake na kamba, tukachimba watatu, akavuta, dude la Kuzma likatoka limekwaruzwa pande zote mbili.

"Nastya asijue," Kuzma akasema.

"Nimeshamtumia picha," Signe akasema.

Kwenye kibanda cha juu Kuzma akaniomba aijaribu pikipiki. Kwa shingo upande, eti achunguze tu. Akazunguka uwanda mara moja, mbili, ya tatu akawa anapiga yowe kama mtoto. Akasimama, akashusha mguu, akapotea. Imebaki helmeti tu juu ya theluji. Tumecheka mpaka Signe kaketi chini.

"Si mbaya sana," akasema, akitoa theluji masikioni.

"Kwa hiyo Jumamosi ijayo?"

"Tutaona."

Jumapili, 19 Januari

Supu ya borshti kwa dada Nastya. Kuzma kawaeleza wageni wote kuhusu pikipiki za theluji, utadhani kazizua yeye. Kuhusu mwenza, hakuna neno. Nimekula bakuli tatu kwa hasira na utamu.

Ijumaa, 24 Januari

Kesho bonde la juu. Theluji imetulia, mbingu safi, nafasi kama hii huja mara moja au mbili kwa msimu. Signe anataka majina ya wenza kabla ya saa moja jioni. Asiye na mwenza atabaki kibandani kuchemsha chai. Si mimi.

Wiki nzima Kuzma ananipigia. Mkanda una upana gani? Inakunywa petroli kiasi gani? Pikipiki yake ya zamani itakubali kufungwa hivyo? Nimemjibu yote. Mchana nikamwandikia: kesho unapanda na nani? Kajibu kwa picha ya kidole gumba. Gumba la nini?

Sasa lori lake limesimama nje ya karakana. Nyuma kuna kitu kimefunikwa turubai, usukani umechomoza. Hakina magurudumu.

Nimefungua dirisha. "Hiyo tutaiangalia baadaye, shemeji. Kwanza kesho. Nikipanda, unasimama kunitazama au husimami?"

"Lukeria, kuna baridi, nifungulie kwanza."

"Ndiyo au hapana. Kabla ya saa moja. 'Tutaona' siipokei, na gumba silipokei."

Kakaa nyuma ya usukani wa lori, pumzi yake imejaza kioo mvuke. Naandika nimesimama, simu mkononi, jina la Signe tayari: nimpe jina la Kuzma au niombe mwenza mwingine. Bado dakika kumi. Sema, Kuzma.