Kidato Chenye Ufa

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Kifua kinaendeleaje? Na yule mjukuu wako msomaji, bado anakula kitabu kikiwa mezani? Mimi ni mzima, ila macho. Herufi ndogo sasa zinanikimbia kama siafu waliomwagiwa maji, ndiyo maana naandika kwa maandishi haya makubwa. Tangu tuagane kwenye kile kituo cha basi, mimi na sanduku la vitabu, wewe na mtoto mgongoni, ni miaka thelathini na mmoja. Bado naihesabu.

Uliniuliza kama nimeshampata wa kumwachia usimamizi wa karakana. Mafundi wenzangu wamempata. Mimi ndiye niliyekataa. Wanamtaka Gundi.

Habari zake nilikuandikia. Miaka sita iliyopita aliziba ufa kwenye kidato cha ngazi kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi, ngazi ikauzwa. Fundi rangi mmoja akaanguka nayo, akavunjika nyonga. Gundi tukamfukuza. Jina hilo alipewa siku ileile, na aliporudi miaka miwili iliyopita kuomba hata kazi ya kufagia, lilikuwa linamsubiri mlangoni. Walimwuliza kama amekuja kuziba nyufa za sakafu. Akacheka nao, akachukua ufagio. Taratibu akarudishiwa randa na msumeno.

Unanijua, dada. Wewe ulisema sikuzote kwamba mtu hujifunza hadi kaburini. Mimi nikakujibu kuwa samaki mkunje angali mbichi. Basi nikamchunga. Alipoanza kupanda mwenyewe kila ngazi kabla haijatoka, akirukaruka juu ya kila kidato, wenzake walimsifu. Mimi niliona mtu anayetafuta mashahidi. Alipokosea kipimo akaja kusema kabla hajaulizwa, nikajiambia anatoa kosa dogo ili afiche kubwa. Wakienda kula, nilipitisha ukucha juu ya vidato vyake, kimoja kimoja. Sikupata kitu, na kule kukosa kukanitia shaka zaidi.

Wiki iliyopita nilimtega. Nilichukua kidato chenye ufa, nikakiziba kwa gundi na unga wa mbao, nikakichomeka katikati ya vile alivyoviandaa. Kabla ya saa ya chakula nilikikuta mezani kwangu, kimekatwa vipande viwili palepale penye ufa. Gundi aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaniambia kwa upole kwamba, mzee wangu, mkono ni uleule, ila siku hizi unga huuchekechi vizuri, chembe zinaonekana. Nenda ukatazamwe macho.

Aliutambua mkono wangu kwa sababu ndio uliomfundisha. Hili sijapata kumwambia mtu. Mwaka ule mbao nzuri zilipoadimika, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuziba, nikamhakikishia kidato kitashika. Fundi rangi alipoanguka, niliketi kiti cha mbele nikaongoza kikao cha kumfukuza. Alisimama pale akinitazama, hakunitaja. Tangu hapo nilihitaji awe mtu asiyebadilika. Akibadilika yeye, mimi nitasema nini?

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema kwanza ilikuwa hofu, kisha hasira, halafu akaona huenda siku moja nitasema mwenyewe. Hata katika jibu hilo nilitafuta mtego. Mazoea yana taabu. Ndipo akaegemeza ukutani ngazi aliyoimaliza asubuhi, akaniomba niijaribu. Nilipanda hadi kidato cha nne, mzee mzima. Chini ameishika yeye.

Jumatatu mafundi wanakutana kupiga kura. Nitayasema haya yote kabla hawajaanza, kisha nitakwenda kwa yule fundi rangi. Anakaa mtaa wa pili, anatembelea fimbo. Nimemkwepa miaka sita kwa kupitia njia ya nyuma.

Nisalimie shemeji, na mjukuu mwambie kile kitabu cha sandukuni chenye jalada la bluu ni chake. Safari hii usiniombee macho, dada. Niombee ulimi.

Ni mimi kaka yako,
mwenye sanduku la vitabu